Chale za Nyongeza

Kwetu huku Buha salamu ni kazi. Unapiga makofi taratibu, unainama kidogo, unauliza nyumbani, ng'ombe, mvua, kisha unamshika mwenzako mikono karibu na viwiko, naye anakushika vivyo hivyo. Mtu akiishia kwenye makofi, ujue kuna jambo.

Dada yangu aliuza unga wa muhogo sokoni Kibondo, jirani na meza yangu ya dagaa. Alianza kusalimiwa kwa makofi matupu viwiko vyake vilipoota mabaka mekundu yenye magamba meupe. Akijisugua, magamba yanadondoka. Unga nao ni mweupe. Mimi kila hesabu huirudia, lakini hiyo haikuhitaji kurudiwa.

"Mama, leo unga umeuchekecha wapi, sokoni au kwenye kiwiko?" mteja mmoja alimuuliza, wenzake wakacheka.

"Nenda meza ile," nikamjibu mimi. "Kule wanachekecha malaika."

Akaenda kweli.

Shangazi yetu wa Kasanda aliposikia alikuja, akamshika dada mikono yote miwili bila kusita. Wakati huo alikuwa amebaki yeye tu wa kufanya hivyo. "Damu imekwama, mwanangu," alisema. "Uchanjwe chale, itoke." Dada hakubisha. Hakuwa akitafuta urembo. Alitaka watu wamshike tena.

Kupatana bei nimekurithi kwa shangazi. Alimbana mganga, akaondoka mara mbili kama mtu asiyehitaji, akarudishwa, mpaka mganga akakubali kuongeza chale nyingine za bure chini ya zile za kulipia. Dada alichanjwa mikono yote, toka mabegani hadi karibu na viganja, akapakwa dawa nyeusi.

Vidonda vilikauka vizuri. Tukashukuru. Wiki chache baadaye kila chale ikaamka: mstari mwekundu, na juu yake magamba, umenyooka kama umeshonwa kwa cherehani. Mahali palipokuwa pazima pakawa pameugua. Hata zile za bure. Sokoni wakasema kalogwa na dawa imemgeukia. Makofi nayo yakapungua.

Ndipo tukaenda Kasulu, kwa daktari wa ngozi. Alikuwa kijana, anaongea polepole. Alisema chembe za ngozi hupelekeana ujumbe. Ukijikata, zinaita askari wa mwili, zinaambiana ziote upesi zizibe, na pengo likishazibwa hupita ujumbe mwingine: basi, inatosha. Kwa dada huo wa pili haushiki. Chembe zinaita askari, askari wanazichochea chembe, na ngozi ambayo kwa kawaida huchukua kama mwezi kujibadilisha inajirundika kwa siku chache. Haiambukizi, akasema, akamshika kiwiko bila glavu. Dada akautazama ule mkono mpaka ulipoondolewa.

"Sasa daktari," akauliza, "nani aliiambia ngozi yangu kwamba nimekatwa?"

"Hakuna, dada. Ndiyo ugonjwa wenyewe."

"Na hapa?" Akakunja mikono ya blauzi, akamwonyesha mistari.

Daktari aliinama kuitazama. "Hapo ulikatwa kweli. Mwenye ugonjwa huu, kidonda chochote kinaweza kuuita."

Nilimuuliza dawa ya kuumaliza ni ipi. Ya kuumaliza hakuna, alisema; ipo ya kuutuliza. Kuna na sindano za kuzuia ule ujumbe, ila hapo hazikuwepo. Nikajaribu kupatana, kwa mazoea tu. Akanielewa, akaandika mafuta ya kupaka.

Mafuta yamesaidia. Viwiko vimetulia, mistari imebaki. Dada ameacha unga, anauza mkaa. "Huku hakuna anayeuliza kilichodondoka," anasema, nasi tunacheka, mimi nikimaliza kabla yake.

Mwezi uliopita shangazi alikuja sokoni. Nilikuwa nimeshamweleza maneno ya daktari, ya chale pia, na alikuwa hajatia mguu Kibondo tangu siku hiyo. "Mwakeye," akasalimu kwa Kiha kutoka mbali, akapiga makofi, akaja amenyoosha mikono.

Dada alipiga makofi, akainama, akauliza nyumbani, ng'ombe, mvua. Aliuliza vyote. Kisha akaingiza mikono ndani ya kitenge, kama anavyomfanyia kila mtu siku hizi, mtu asipate taabu ya kukataa.

"Nina masizi, shangazi," akasema.

Shangazi alisimama pale mbele ya magunia, mikono imenyooka. Kisha akaishusha, akauliza mkaa unauzwaje.