Gambuti Chini ya Dirisha

Nafisa aliishi nyumba ya pili kutoka msikitini, pale Kitale, na kipaza sauti kilielekea dirisha lake. Watu wa mitaa ya mbali waliamka kwa adhana ile. Mbwa waliamka. Nafisa hakuamka. Muadhini akitangaza kwamba sala ni bora kuliko usingizi, Nafisa aligeukia ukutani akaendelea na kile kisicho bora.

Mimi ni fundi cherehani. Meza yangu sokoni iko katikati ya kibanda chake na kilichokuwa kibanda cha Sellah, kwa hiyo nilikaa miaka kati ya mwenye wivu na anayeonewa wivu. Nitasimulia bila kumwonea mtu. Nikimwonea Nafisa kidogo mtanisamehe, maana yeye hunionea mimi kila siku.

Wote wawili waliuza mitumba, magauni ya akina mama hasa. Belo, yale marobota makubwa ya mitumba, zilitoka kwa Mzee Ubaid, mwenye stoo inayotazamana na mlango wa msikiti. Kila Jumanne na Jumamosi, akitoka kusali alfajiri, Mzee alifungua stoo na kukata kamba za belo, na hapo palikuwa na sheria yake ambayo hakuna aliyeibishia. Aliyefika kwanza mlangoni ana mkono wa kwanza. Anaingia peke yake, anachagua, anapanga magauni juu ya mkono wa kushoto mpaka mkono ushindwe kubeba, ndipo anatoka na wa pili anaingia. Wa kwanza anapata kamera, yaani nguo zile safi kama zimetoka dukani jana. Wa mwisho anapata fagia, na jina lenyewe linatosha: kinachobaki sakafuni.

Nafisa alikuwa malkia wa fagia. Alifika jua likiwa limeshapanda, uso una alama za mto, akakusanya yaliyokataliwa na watu wote. Halafu, na hapa nampa haki yake, aliyauza. Gauni likikosa kifungo alimwambia mteja, "Dada, hii ndiyo staili, siku hizi watu wa maana hawafungi vifungo." Likiwa na doa alisema ni ua. Mdomo wake ulimlisha yeye na binti yake Suad, na mumewe, dereva wa lori la mahindi, alipata nyumba imesimama kila aliporudi.

Mwenye mkono wa kwanza alikuwa Sellah, au Mama Kizito kama tulivyomwita, mtu wa Malakisi aliyekuja Kitale baada ya kufiwa na mume. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza bei anakutajia bei, basi, kisha anatazama mbele. Hakuita wateja. Magauni yake yaliita yenyewe, yamening'inia pale yakimeta, na Nafisa akiyaona roho ilimuuma hata akashindwa kunywa chai. Mteja akigusa gauni la Sellah, Nafisa alikohoa. Akinunua, Nafisa aliniangalia mimi kana kwamba nimemuuzia.

"Fundi," aliniambia siku moja, sauti chini, "huyo mwanamke analala saa ngapi jameni?"

"Muulize."

"Nimuulize, ajue nataka kujua? Na unajua nini kinaamsha yeye? Adhana! Amesema mwenyewe kwa Mzee Ubaid. Hana saa, hana jogoo, anaamka na adhana. Adhana ni yetu, fundi. Mtu wa kanisa ndiye anafaidi."

Nikamwambia adhana haina kiingilio.

Sellah alipanga chumba nyuma kabisa ya msikiti, na njia yake kwenda stoo ilipita chini ya dirisha la Nafisa. Kitale wakati wa mvua ni tope tupu, na Sellah alivaa gambuti, yale mabuti meusi ya mpira, za marehemu mumewe, kubwa kuliko miguu yake. Lakini miaka yote hiyo Nafisa hakuwahi kuzisikia zikipita, kwa sababu ambayo mnaijua.

Basi mwaka wa 2006, siku chache kabla ya Ramadhani, akaja Bilha. Bilha alikuwa mfanyabiashara wa Bungoma ambaye alikuja kila Jumamosi kununua magauni ya kwenda kuuza kwao. Alikuwa mteja wa Nafisa tangu zamani, alipenda maneno yake, lakini siku hizo macho yake yalianza kutembea kwenda kwa Sellah, na mkono ukafuata macho. Siku hiyo akasimama mbele ya meza yangu, katikati yao, akasema wote wasikie.

"Baada ya hii Idd yenu nafungua duka Bungoma. Duka ya ukweli, iko na mlango. Nataka mtu mmoja tu wa huku Kitale awe ananichagulia magauni, na yote nitachukua kwake. Mambo ya kuzunguka nimechoka nayo. Mwezi huu nitaangalia ni nani ako na nguo, halafu nitasema."

Sellah akaitikia kwa kichwa. Nafisa akacheka, akamshika Bilha mkono, akamuuliza watoto, akamwambia gauni alilovaa limempenda. Bilha alipoondoka, kicheko kilikatika. Nikaona anaitazama ile kamera ya Sellah, gauni moja baada ya jingine, macho yamejaa machozi ya hasira. Mteja mmoja anayechukua kila kitu si mteja, ni mshahara, na mshahara huo ulikuwa unahamia hatua tatu upande wa pili wa meza yangu.

"Chelewa chelewa," nikamwambia, "utamkuta mwana si wako."

"Fundi, shona nguo za watu."

Lakini alikuwa na mpango. Ramadhani inaingia, akasema, na Ramadhani kila mtu anaamka kula daku. Atakula daku, atakuwa macho tayari, atamwacha Sellah kitandani. Mwezi mtukufu wenyewe utampigania. Alifurahi mpaka akaniletea mahamri.

Sasa, yeyote aliyewahi kufunga anajua kosa lililokuwa linamngoja. Daku unakula ukiwa umefumba jicho moja. Wali wa jana, maharagwe, chai ya maziwa, maji mengi kwa sababu ya kiu ya mchana. Tumbo linakuwa zito na joto, nje kuna baridi ya Mlima Elgon, na kabla ya adhana kuna kipande kidogo cha muda ambacho shetani amekipima vizuri sana. Unajiambia, nijinyooshe tu. Siku ya belo ya kwanza ya Ramadhani Nafisa alijinyoosha tu. Aliamka jua limeingia ndani, Suad keshakwenda madrasa, na Bilha akakuta kibanda chake kina fagia na mdomo. Hata mdomo wenyewe ulikuwa umefunga.

Belo ya pili alitega kengele ya simu, ile simu ndogo yenye tochi, akaiweka chini ya mto. Ikalia, akaizima akiwa usingizini, na Suad akasema mama yake aliigombeza kwanza. Belo ya tatu aliamua kulala chini, kwenye mkeka, ili baridi imwamshe. Alilala vizuri kuliko siku zote. Na kila mara Sellah alikuwa ametundika kamera yake mapema, na kila Jumamosi Bilha alinunua kwake, na wivu wa Nafisa ukawa mgonjwa kabisa. Akaanza kusema Sellah ana dawa. Ati mtu wa kawaida haamki hivyo. Nikamwambia dawa hiyo inaitwa kutoka kitandani.

Kilichotokea belo ya nne alinisimulia mwenyewe, akipiga meza yangu kwa kiganja.

"Nimelala, fundi. Nimekula daku, nimelala kama kawaida, uwongo wa nini. Adhana imepita sijasikia. Halafu nasikia pwata, pwata, pwata. Chini ya dirisha langu! Nikajua hizo gambuti. Nikasema, huyo anaenda kuchukua magauni yangu. Wallahi moyo uliruka, nikajikuta nimesimama mlangoni sina kiatu."

Ninaweza kushuhudia mengine, maana nilikuwa natoka msikitini na Mzee Ubaid. Sellah alikuwa mlangoni pa stoo, mikono ndani ya sweta. Nyuma yake akaja Nafisa akikimbia kwenye tope, leso kichwani imepinda, miguu mitupu. Mzee akaitazama miguu ile.

"Mama Suad, kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja belo."

Mzee akasema alhamdulillahi, akafungua mlango. Siku hiyo Nafisa alikuwa na mkono wa pili. Aliposubiri nje na kumsikia Sellah ndani akipekua bila haraka, alisaga meno hata mimi nikasikia.

Tangu hapo hakulala tena baada ya daku. Aliniambia alijifunza kuosha vyombo kwa maji baridi, kisha kukaa kizingitini amejifunika blanketi, anasubiri. Mwanzoni alisubiri gambuti. Zikisikika mbali, anatoka mbio kuzitangulia, lakini Sellah ana miguu mirefu, na mara mbili walifika pamoja wakasukumana mabega bila kusalimiana. Kisha akajifunza kuondoka kabla ya adhana. Muadhini akishika kipaza sauti, Nafisa alishafika stoo, mkono mmoja juu ya kufuli kama mtu aliyekamata mwizi. Kitu ambacho adhana ilishindwa kufanya kwa miaka, wivu ulikifanya ndani ya mwezi mmoja.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Idd ndiyo ilikuwa ya kuamua. Nilipotoka msikitini nilimkuta Nafisa mlangoni, wa kwanza, amevaa viatu. Sellah akafika na gambuti zake, akasimama nyuma.

"Habari ya asubuhi, Mama Kizito," Nafisa akasema, sauti tamu kama kaimati. "Leo ulilala?"

"Nzuri, Mama Suad," Sellah akasema.

Nafisa akaingia na mkono wa kwanza. Alitoka na rundo lililomfika kidevuni. Saa nne Bilha alipokuja alikuta kamera, na juu ya kamera akakuta mdomo, na vitu hivyo viwili vikikaa kibanda kimoja mteja hana pa kukimbilia. Akasema basi, ni Nafisa. Nafisa alinitazama, akainua nyusi, na niliona furaha yake haikuwa ya kupata. Ilikuwa ya Sellah kukosa. Akageuka upesi aone mwenzake analia.

Sellah hakuwa analia. Alikuwa anakunja magauni na kuyatia kwenye gunia.

"Halafu Mama Kizito," Bilha akamwambia, "wewe Jumatatu uko tayari, vile tuliongea? Nimekutafutia nyumba karibu na duka." Akatugeukia sisi. "Huyu ndiye ataniuzia kule. Hana maneno mengi, hatanigombanisha na wateja. Na Malakisi ni hapo tu, atakuwa karibu na watu wake."

Nafisa akauliza polepole, "Hilo duka linafunguliwa saa ngapi?"

"Saa tatu. Bungoma nani ananunua gauni kabla ya saa tatu?"

Siku nzima sikusikia neno jingine. Alipima gauni, akasema saa tatu. Akakunja turubai, akasema saa tatu. Ameshinda, ana mshahara wake, na bado uso umekunjamana kama aliyemeza shubiri, kwa sababu mwenzake atakuwa analala.

Jumapili jioni Sellah alikuja kuaga. Alikuwa amevaa ndala, na gambuti amezishika mkononi, zimeoshwa.

"Mama Suad, chukua hizi. Kule duka iko na simiti."

Nafisa hakuzipokea mara moja. "Unanicheka?"

"Hapana. Nataka nikwambie kitu." Sellah akaangalia chini, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema maneno mengi kwa mfululizo. "Wewe unajua kukoroma. Miaka yote hiyo napita hapo kwa dirisha yako, mvua inanyesha, mimi nimelowa, nasikia umelala kama mtoto. Wivu ilikuwa inanishika mpaka hapa. Mimi nikichelewa nimekwisha, sina mdomo kama yako. Wewe unauza hata fagia. Nikasema, mtu anawezaje kulala hivyo na bado anakula? Hii Ramadhani wivu ikazidi. Nikaanza kukanyaga kwa nguvu hapo kwa dirisha. Makusudi. Nikasema, na yeye aamke."

Sindano ilikuwa mdomoni mwangu, nikaitoa nisije nikaimeza. Nafisa akazipokea gambuti. Nilidhani atacheka, au atamkumbatia, maana ndivyo ninavyoona watu wengine wakifanya. Akasema tu, "Umenimalizia usingizi wangu, Mama Kizito."

"Ee," Sellah akasema. "Sasa nitalala mimi."

Akaenda Bungoma. Na Nafisa? Huamka. Usingizi ule wa zamani haukurudi, hata siku asizokuwa na belo, hata mumewe akiwa nyumbani. Kila Jumanne na Jumamosi nikitoka msikitini namkuta mlangoni pa stoo ndani ya gambuti zile, mvua ikimdondokea, wa kwanza.

Juzi nilisimama naye tukimngoja Mzee Ubaid atafute funguo. Giza lilikuwa bado halijaisha. Nafisa akatoa simu yake ya tochi, akabonyeza, akaiweka sikioni. Ikaita muda mrefu.

"Hallo? Mama Suad?" Ilikuwa sauti ya Sellah, nzito, imetoka chini ya blanketi. "Kuna nini? Kuna mtu amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ulikuwa umelala?"

"Ee, nimelala."

"Basi amka," Nafisa akasema, akakata simu, akaingia kuchagua magauni.