Nilisema "fungua" karibu na geti la jela, Tororo

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Mimi ni mzee, wajukuu ndio wamenifungulia akaunti humu, kwa hiyo mnivumilie. Chumvi sitatia.

Miaka ya sitini, uhuru wa Uganda ukiwa bado mbichi, nilikuwa mwalimu wa kwaya Masafu, huku Busia. Niliomba ruhusa ya kufundisha wafungwa kuimba kwenye jela moja upande wa Tororo.

Kila Jumamosi baiskeli, vumbi mpaka kwenye meno.

Tulifanyia mazoezi ndani, kwenye karakana ya useremala. Ngoma yetu ilikuwa sanduku tupu la misumari.

Soloist alikuwa Owori, mkulima wa Iyolwa. Tangu afungwe alikuwa hasemi na mtu. Kwenye kuimba ndipo sauti ikamrudia, na mimi nilifurahi kupita kiasi.

Sasa, kwenye kwaya zetu, ukitaka soloist aanze unamwambia "fungua!" Ndiyo lugha yetu.

Siku moja Bwana Jela, mkuu wa pale, akasema anakuja kusikiliza mwenyewe. Fujo yoyote, kwaya imekufa. Nilimwaza Owori tu, atarudia ububu wake.

Siku ikafika. Tukapangwa uani, karibu na geti. Nikainua mkono, nikapaza sauti:

"Fungua!"

Askari wa geti, mtu wa kabila la Teso, mtiifu sana, akafungua geti. Lote!

Owori ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Akaanza kuimba, huku anatembea kuelekea nje. Bunduki zikainuliwa.

Nikafumba macho. Nikajua huyu anatoroka.

Nikasikia komeo. Kufumbua macho, Owori kafunga geti mwenyewe, anarudi mstarini, na wimbo hajaukata.

"Mwalimu nasema fungua, mimi nafungua!" askari akajitetea kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

Bwana Jela alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akamuuliza Owori mbona hakukimbia.

"Afande, wimbo bado kwisha."

Kwaya iliendelea, na Owori aliimba mpaka alipomaliza kifungo.

Somo langu ni moja, nalo linaniuma. Miezi yote ile nilijiita rafiki yao, na geti lilipofunguka niliwaza kutoroka tu. Niliwafundisha bila kuwaamini.

Haya, leteni comments. Wewe ungekuwa Owori, ungerudi? Msijifanye watakatifu.