Mbwa Asiyejua Kiswahili

Juzi nilikuwa ofisi ya mifugo hapa Tabora, nikisubiri dawa ya mbuzi, alipoingia mama mmoja wa mtaa wa Cheyo akiongoza mbwa wa kahawia kwa kamba. Alikuwa amemwokota kule Isevya akiwa amevunjika mguu, akamuuguza, akamfundisha adabu, na siku hiyo alikuwa anamkabidhi kwa mkulima aliyetoka Bukene.

"Shikamoo, mama," mkulima alisema.

"Marahaba, baba."

Mkulima akamgeukia mbwa. "Kaa!"

Mbwa akamtazama tu.

"Mama, huyu ni kiziwi?"

"Si kiziwi. Hajui Kiswahili."

Mama akatamka neno moja la Kinyamwezi, taratibu. Mbwa akakaa. Tukacheka wote, isipokuwa mama.

"Tangu mzee wangu afariki, sina wa kusema naye lugha ya nyumbani," alisema, akisokota ncha ya kamba. "Wanangu wananijibu Kiswahili. Huyu alikuwa ananisikiliza."

Mkulima akavua kofia, akamsalimia upya kwa Kinyamwezi, ile salamu ndefu ya zamani ya kuulizana habari za watu, mvua na mifugo. Mama akaitikia kila swali, sauti ikizidi kuchangamka. Mwisho akamkabidhi kamba.

"Mama yangu yupo nyumbani," mkulima alimwambia. "Njoo umwone mbwa, mkae muongee."

Bibi yangu alisalimiana hivyo na majirani kila asubuhi. Nilitamani kuchangia, lakini Kinyamwezi nilichobakiwa nacho ni cha kufukuza kuku.