Nilivyoifuata Sauti Yangu Kariakoo

Nilitoka Masasi kwa sababu ya jirani yangu, Mama Zai. Alirudi kutoka Dar akaniambia, "Nimekusikia Kariakoo ukinadi vitenge." Nikacheka, kisha nikakumbuka. Zamani nilikuwa nauza hapo Kariakoo, dukani kwa Dada Aneti, Mchaga mcheshi, na siku moja alinirekodi ili kipaza sauti kinadi badala yetu. Vile vitenge vilikuwa vinachuja, na nilijua.

Na mimi, jamani, ni mtu wa kujihoji. Kila baada ya magharibi nakaa mkekani najiuliza: leo nimemkosea nani? Vile vitenge havijawahi kunijia akilini hata siku moja. Anayeuliza mimi, anayejibu mimi. Kesi gani hiyo nitashindwa?

Alfajiri nikapanda basi, jioni nikashuka Mbagala, nikalala kwa shemeji.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Mtaa wa Msimbazi. Vipaza sauti vilikuwa vinagombana: viatu, sufuria, dawa ya panya. Katikati yake nikasikia: "Karibu mpenzi! Hakichuji, hakipauki, nakuapia!" Wallahi, ilikuwa yangu. Sauti ya msichana, yenye furaha, isiyopumzika. Kila ikifika "nakuapia", midomo yangu ilikuwa inaifuata yenyewe.

"He! Mwenye sauti kaja!" Dada Aneti akanikumbatia. "Wateja wanakuulizia, wanasema huyu dada mkweli."

"Dada, izime."

"Niizime? Shoga yangu, wauzaji wote wameniacha. Wewe tu ndiye hujaondoka."

Mama mmoja alikuwa amechagua jora zima la kitenge, sare ya harusi ya binti yake. Nikamwambia, "Mama, hicho kinachuja."

Papo hapo, kwenye kipaza sauti juu ya kichwa changu, nami nikasema, "Hakichuji, nakuapia!"

Akakikodolea macho kipaza sauti, kisha mimi. "Mbona mko wawili? Wewe ni yupi?"

Nilitaka kusema ile ni rekodi tu. Nikaona aibu. "Wote, mama."

Akaliweka jora chini polepole, akaondoka kinyumenyume. Dada Aneti alininunia, na hakuizima.

Kesho yake nilirudi Masasi. Nimejifunza kwamba nafsi ikijihoji yenyewe hujipendelea. Afadhali umuulize anayekusikia. Basi usiku ule ule, tukiwa tunakula, nikamwambia mume wangu, "Hebu niambie ukweli, mimi huwa nakudanganya?"

 Akanawa mkono, akaenda kufunga mlango, Mama Zai asisikie.