Mikono Miwili Kwenye Glasi

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Ifakara, mwanangu, na hata leo nikiikumbuka uso wangu hupata moto. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mhudumu katika hoteli ya watalii kule Mang'ula. Msimamizi wetu alikuwa amenifundisha jambo nililoliona kuwa ndio ustaarabu wenyewe: glasi ya divai hushikwa chini, kwenye ule mguu wake mwembamba, kwa vidole. Ukiikumbatia kiganjani, divai inapata joto na kioo kinabaki na alama. Sikatai, ni kweli. Lakini si kila kweli ina haraka ya kusemwa.

Siku hiyo tulikuwa tunamuaga mdogo wangu Tekla, aliyekuwa anaolewa Dar es Salaam. Ndugu zetu wa Mahenge walikuwa wamevuka mto kwa pantoni tangu alfajiri. Wakwe walikaa upande wa pili wa ukumbi, wamependeza, nami niliwatazama wao kuliko nilivyomtazama mdogo wangu.

Kwetu, baba hupokea kinywaji kwa mikono miwili, huonja, hutamka baraka, kisha humpa binti yake anywe. Zamani kilikuwa kibuyu cha togwa. Siku hiyo ilikuwa glasi ya divai. Baba yangu, mkulima wa mpunga, alisimama akaizungushia viganja vyote viwili, kama mtu aliyeokota kifaranga. Akafungua mdomo aseme.

Nikamuwahi. "Baba, siyo hivyo! Shika huku chini. Hicho siyo kibuyu."

Kipaza sauti kilikuwa karibu, ukumbi mzima ukasikia. Meza ya binamu zangu ikaangua kicheko. "Mfundishe mzee, mama hoteli!" akapaza mmoja wao. Nami, badala ya kunyamaza, nikaanza kumpanga vidole, kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa hakikunjiki tangu kikatwe na mundu. Nilikijua tangu utoto, mwanangu, na bado nilikilazimisha. Glasi ikalala, divai ikammwagikia kwenye shati lake jeupe.

Baba akalitazama lile doa. "Basi, mama," akaniambia taratibu, maana nimerithi jina la mama yake. "Mpe wewe mdogo wako. Wewe ndiye unayejua."

Akaketi. Muziki ukapigwa. Baraka haikutamkwa.

Shangazi Filomena, dada yake baba, alinivuta hadi nyuma kwenye masufuria ya wali. Hakunifokea, afadhali angenifokea.

"Ile mikono miwili ulidhani ni ya glasi?" akauliza. "Ni ya mtoto anayeondoka. Baba yako wiki nzima anapalilia huku anayarudia yale maneno peke yake. Wewe umeona vidole tu."

Kesho yake asubuhi nilipiga magoti mbele ya baba. Akanisamehe, akaniwekea mkono kichwani. Nikamsihi aende stendi akamtamkie Tekla baraka kabla hajaondoka, naye akaenda. Lakini pale, kati ya mizigo na makelele ya wapiga debe, maneno yake yote yalimpotea. Alisema tu, "Nenda salama, mwanangu." Tekla alilia dirishani mpaka basi likapotea machoni petu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Miezi baadaye Tekla aliniambia kwamba hata baba mkwe wake, siku ile ile, alikuwa ameishika glasi yake kwa kiganja kizima. Sikuwa na pa kuuficha uso.

Jifunze kushika glasi, mwanangu. Jifunze uma na kisu, na adabu za wageni wote. Ila mzazi wako akisimama mbele ya watu, mwache amalize. Kama ni lazima umwelekeze, ngoja mbaki wawili. Na siku utakapomwonea haya, jiulize kwanza unataka kumpendeza nani. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa ya watu.

Mungu akujalie kujua mengi, na akujalie kunyamaza panapofaa. Wazazi wako wasipungukiwe neno la kukubariki, na litakapotoka likukute ungali karibu yao, umetulia, unasikia.