Ndoana za Omollo Katikati ya Matete

Ukitaka kugombana na mume wangu, mwambie uvuvi ni kazi ya wavivu. Omollo ni fundi wa kunyoosha mabodi ya magari hapa Eldoret, Mjaluo aliyeoa Mnandi wa Kapseret, yaani mimi, Diana. Nililelewa kwa maziwa. Kula samaki nimejifunza kwa ajili yake, na miiba bado inanishinda.

Bwawa la mjomba wangu lina besi, samaki wa mdomo mkubwa anayejificha chini ya matete na magugu. Ndoana ya kawaida hapo inanasa majani tu. Kwa hivyo Omollo huyeyusha madini ya risasi, akaimimina kwenye shingo ya ndoana, kisha akafunga nywele za ufagio wa nailoni mbele ya ncha. Majani yanateleza. Samaki akibana mdomo, nywele zinalala na ncha inamchoma. Ndoana nzito ni za kutoboa magugu mengi, nyepesi ni za pembeni.

Januari akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, mguu pia. Mtu wa kelele vile akawa anakaa akitazama ukuta kutwa. Niliogopa, aki. Nilimwona anaondoka na bado ameketi kwenye kiti.

Mwezi uliopita nikachoka. "Vaa gambuti, Baba Byron. Twende bwawani."

"Kufanya nini? Mkono umekufa."

"Si uko na mwingine?"

Alichagua ndoana nyepesi. Ikakaa juu ya magugu kama nzi juu ya ugali. Akafunga nzito. Hiyo ikazama vizuri, besi akaidaka, Omollo akavuta kwa mkono wa kushoto. Lakini zile nywele alizifunga ngumu kabla ya kiharusi, wakati ana nguvu zake za kuvuta. Hazikulala. Samaki akaitema. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Akaketi kwenye nyasi.

"Nimekwisha, Mama Byron. Peana hizi vitu zote."

"Kwani huwezi kupunguza hizo nywele?"

"Zikipungua itanasa kila tete."

"Inase! Nitaingia niitoe."

"Wewe? Na vile unaogopa ruba?"

Halafu, kwa sauti ya chini, akaniomba makasi. Tangu Januari huyu mtu ananisukuma hata nikimfunga vifungo vya shati. Nikamshikia ndoana, naye akakata nusu ya nywele kwa mkono wa kushoto.

Wuueh, ilinasa! Mara ya kwanza niliingia maji ya magoti, mara ya pili ya kiuno, nikimtukana yeye na ukoo wake mzima. Mara ya tatu nikaufuata mshipi, nikaushika, ukanivuta.

"Hii si tete! Vuta!"

"Siwezi!"

"Basi rudi nyuma!"

Akabana fimbo ya kuvulia kwapani, akarudi nyuma akipanda ukingo, mguu mmoja anauburura, mpaka besi akatoka kwenye magugu na kuanza kurukaruka kwenye nyasi. Omollo akamlalia kwa tumbo asirudi majini. Akacheka. Woiye, mimi nikalia kama mtoto.

Nikamwambia twende nyumbani, nimelowa, natetemeka.

"Nyumbani kuna nini?" akasema, na tayari ashatupa ndoana tena. "Ebu ingia, mama. Imenasa."

Nikaingia huku namtukana, na haki ya Mungu, sijawahi kufurahia kutumwa namna hiyo.