Simu za Jumapili kutoka Houston

Gaudence alikuwa akipokea simu bila kusema neno. Aliiweka sikioni, akanyamaza, akangoja mpigaji ajitaje kwanza. Tabia hiyo hakuiacha kamwe, hata simu yake ilipokuwa ikimwonyesha jina langu na picha yangu.

"Mama Amandine, ni mimi, Immaculate."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Haya, sema."

Tulijuana kwenye Misa ya Kiswahili. Mimi ni Mkenya. Yeye alikuwa Mrundi aliyekipata Kiswahili katika kambi ya Mtabila, Tanzania, kabla ya kuletwa Texas. Mumewe alizikwa kulekule kambini. Alikaa Mesquite, kitongoji cha Dallas, na watoto wake wawili, Amandine na Elvis, na kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hoteli moja mjini Dallas. Pengine ni kazi hiyo iliyomzoeza kugeuza kila kitu na kutazama upande wa ndani kabla ya kukikubali.

Mwanzoni mwa 2018 Amandine alikuwa akikaribia kumaliza sekondari, na vyuo viwili vikampa nafasi ya kusoma sayansi ya siasa. Kimoja kilikuwa Richardson, karibu kiasi cha kulala nyumbani. Kingine kilikuwa Houston, mwendo wa saa nne kwa gari. Vyote viwili vingemlipia karo.

"Siasa inasomwa?" Gaudence aliniuliza tukitoka kanisani. "Sisi tuliikimbia. Nyinyi Wakenya ndio mnaishangilia kama mpira."

"Mama, relax," Amandine akasema. "Houston kuna mwalimu anafundisha jinsi vita vinavyoisha. Nataka kujua. Wewe nikikuuliza, unaenda kuosha vyombo."

Gaudence alitangulia mbele. Alikuwa amekwisha kuchagua Richardson, na sababu yake ilikuwa kwamba Richardson walinyamaza. Walituma barua moja ya kumkubali binti, basi. Houston hawakunyamaza. Kwanza walituma fulana nyekundu, nayo ikamkaa Amandine sawasawa.

"Nani kawapa kipimo chake?" mama akauliza.

"Mimi! Waliniuliza kwenye kompyuta."

"Na wewe ukawaambia."

Kisha zikaanza simu. Kila Jumapili alasiri alipiga kijana mmoja mwanafunzi, jina lake Méthode, Mrundi pia, aliyepewa na chuo kazi ya kuwakaribisha wanafunzi wapya. Alikuwa na sauti ya upole. Alimuuliza Amandine habari za shule, za mama, na siku moja akauliza kama Elvis amepona mafua.

Jumapili hiyo Gaudence aliniita kwake. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kochi, bado kavaa nguo za kanisani.

"Amemjuaje Elvis?"

"Si Amandine atakuwa amemtaja?"

"Hata yule wa Mtabila alitajiwa."

Ndipo aliponisimulia. Kambini alikuwa akija mwanamume mmoja, Mrundi mwenzao, mpole, na biskuti mfukoni. Alijua majina ya watoto wote wa mstari wao wa nyumba. Aliwaambia vijana kwamba ng'ambo ya mpaka kuna mahali pa kusoma bure, na kwamba nchi inawahitaji wenye akili. Cyrille, mdogo wake Gaudence, alipenda kubishana mambo ya serikali. Alimfuata mtu yule. Baadaye walisikia kwamba huko alipewa bunduki, si kitabu, na habari zake zikaishia hapo.

"Bure, kwa upole, kwa lugha yetu," alisema. "Dada, mimi naijua sura ya kitu hiki."

Nilitaka kumwambia kwamba hapa Marekani vyuo vyote huwabembeleza wanafunzi. Lakini alikuwa akinitazama kwa namna ambayo, kama ningekitetea chuo kile, ningeingia na mimi upande wa wale wa kuchunguzwa. Nikasema tu kwamba chuo kina siku ya wazazi, na gari ninalo.

Tulikwenda Jumamosi moja ya Aprili. Gaudence alipika maharage na ndizi ili tusile cha watu. Tulipofika, wazazi wengine walipanga foleni ya chakula cha chuo. Sisi tulikula ndani ya gari, Amandine akijikunyata asionekane.

Méthode alikuja kutupokea. Alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, na alimsalimu Gaudence kwa Kirundi, mikono miwili. Gaudence alimjibu kwa Kiswahili. Kirundi alimnyima.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Marie-Rose, mama. Anakaa Fort Worth, anatunza wazee."

"Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Mama, please," Amandine akanong'ona.

Méthode alipiga. Wale wanawake wawili waliulizana mambo ya kambi na ya koo mpaka sauti ya Gaudence ikalegea kidogo. Alirudisha simu, lakini hakuwa amemaliza.

"Unampigia binti yangu kila Jumapili. Nani anakutuma?"

"Ofisi ya chuo, mama. Wananilipa. Ni kazi yangu."

Amandine alifunika uso. Hata mimi nilidhani mambo yamekwisha, tutarudi Mesquite na Richardson imeshinda.

"Na asipokuja hapa?"

"Nitalipwa vilevile," Méthode alisema, kisha akacheka kwa aibu. "Nitampigia mwingine."

Gaudence alicheka pia, kicheko kifupi ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwake.

"Yule wa Mtabila," aliniambia, "tulipomuuliza nani anamlipa, alisema anafanya kwa upendo."

Njiani kurudi alimwambia Amandine akajiandikishe. Agosti Amandine alihamia Houston.

Machi 2020 vyuo vilifungwa, na binti akarudi kusomea mezani jikoni. Hoteli ikasimamisha wafuaji. Gaudence akapata kazi ghalani, na Julai akalazwa na ugonjwa ule uliokuwa umewalaza wengi. Hospitali haikuruhusu wageni. Siku hiyohiyo Amandine aliniambia ameamua: "Auntie, nita-transfer Richardson. Nibaki karibu na Mama." Niliona ni uamuzi wa mtoto mwema.

Nesi alitushikia simu ya video, na nikampa Gaudence habari hiyo nikitumaini itamfariji. Yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho. Alisogeza barakoa ya hewa pembeni ya mdomo.

"Anasema ni kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

"Usimwamini, dada. Anaogopa tu. Mrudishe Houston."